Moba: ziwa linapanda, miti inaisha, na Batwa bado hawana karatasi ya udongo

Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia ndani ya manyumba, kuanzia Uvira mpaka Kalemie na Moba. Ziwa lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua ikizidi Burundi, Tanzania ao Zambia, wakaaji wa Moba nao wanapata sehemu yao. Mtu akipoteza nyumba kando ya ziwa, atapanda milimani kutafuta shamba na miti ya kuchoma makala. Lakini kule juu iko watu.

Batwa, ambao wengine wanawaita Bambote, wanategemea pori: asali, viwavi, nyama, mizizi ya dawa. Hawana kiwanda wala gari. Miti ikikatwa na mvua ikichelewa, njaa inaanzia kwao.

Wengi wanasimulia vita ya Batwa na Wabantu kama vita ya makabila tu. Lakini mwaka 2016, kule Manono, moto uliwaka upya juu ya kodi ya viwavi: Batwa walitakiwa walipe kwa kitu walichookota porini. Anayetoza kodi ya namna hiyo anasema pori ni lake. Moba nayo iliguswa na vita hiyo. Februari 2017 pande zote mbili zilikutana Kalemie kutafuta amani, lakini swali la udongo halikuisha pale.

Kwa sheria ya 1973, udongo wote ni wa Serikali. Sheria hiyo iliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya udongo wao zitapangwa na amri ya Rais. Amri yenyewe haijatoka mpaka leo. Halafu, tarehe 15 Julai 2022, ikatoka sheria ya kulinda Batwa wa nchi nzima. Inatambua haki yao juu ya udongo wanaoutumia, na inakataza kuwahamisha bila wao wenyewe kukubali mbele. Ni hatua kubwa, hakuna ubishi. Ila mbele ya mwenye panga na gunia la makala, Mutwa ataonyesha karatasi gani?

Karatasi moja iko. Amri ya 2014 inaruhusu jamii kuomba pori lao la asili, hadi hekta 50.000, bure na bila mwisho; gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Shida iko kwa anayeomba. Katika vijiji vingi Batwa wanahesabiwa chini ya sultani Mubantu, na ndiyo maana wanadai masultani wao wenyewe.

Pesa za tabianchi nazo zinafuata karatasi. Glasgow, mwaka 2021, wafadhili waliahidi dolari miliari 1,7 kwa wenyeji wanaolinda misitu. Kwa hesabu yao wenyewe, mwaka huo asilimia 7 tu ndiyo ilifika moja kwa moja kwenye mashirika ya wenyeji.

Ombi la pori linaanza na ramani, na ramani inachorwa kwa miguu: wazee wanatembea kutoka mto hadi kilima, na majirani wanapaswa kukubali mpaka. Moba, majirani hao ni wakulima Wabantu, na wengine wao ziwa limekwisha kuwafukuza.