"Punguza Chumvi": Amri Isiyofika Jikoni

Ukiwauliza watu kumi katika soko la Busia, upande wowote wa mpaka, maana ya neno presha, utapata majibu yasiyopatana. Mmoja atakuambia ni ugonjwa wa wazee wenye mwili mkubwa. Mwingine atasema ni mawazo, ni mkopo wa chama unaodaiwa Jumamosi. Wa tatu atakueleza kwamba presha hupanda na kushuka, naye huitambua ikipanda kwa kuwa kichwa humgonga na macho huona giza. Hakuna mjinga kati yao. Kila mmoja analitumia neno kama majirani zake wanavyolitumia. Lakini neno hilo hilo ndilo muuguzi hulitamka anapompa mtu habari ya ugonjwa ambao mara nyingi hauna dalili yoyote, unaoharibu mishipa, figo na moyo kimyakimya kwa miaka, hadi siku mgonjwa anapoamka upande mmoja wa mwili umelala.

Tafiti za kitaifa zilizofanywa Uganda mwaka 2014 na Kenya mwaka 2015 zilionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Wengi wetu tumewazika jamaa waliokufa kwa kiharusi tukiambiana kwamba walirogwa au kwamba "presha iliwapanda ghafla". Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si daktari, na sitakuandikia dawa. Ninalotaka kulisema linahusu kazi yangu: mafunzo wanayopewa wagonjwa hawa katika Busia na Tororo hukwama kwenye maneno, na maneno yanaweza kurekebishwa kesho asubuhi bila kusubiri bajeti.

Tazama maneno yenyewe. Mgonjwa huambiwa abadilishe mtindo wa maisha. Kwa masikio ya watu wa huku, mtindo ni wa nywele, wa nguo, wa muziki. Mama anayevusha magunia ya nafaka pale Malaba hana habari kwamba maisha yake yana mtindo. Kisha hufuata amri tatu, zote katika kauli ya kuamuru: punguza chumvi, fanya mazoezi, acha pombe. Mgonjwa huitikia "sawa daktari", kwa sababu adabu ya kwetu haimruhusu kumhoji mtu aliyevaa koti jeupe. Huo ndio mwisho wa somo. Mwalimu wa darasa la nne akifundisha hivyo, mkaguzi angemwita pembeni.

Nianze na chumvi, maana hapo ndipo pana mengi. Ni imani iliyoenea pande zote mbili za mpaka kwamba chumvi yenye madhara ni ile "mbichi", yaani inayonyunyizwa juu ya chakula kikiwa mezani, na kwamba ikishachemka ndani ya sufuria hukosa nguvu. Mgonjwa akisikia "punguza chumvi", huondoa kikopo cha chumvi mezani na kuongeza kijiko sufuriani ili chakula kisipooze. Anatii kabisa, na hakuna kilichopungua. Moto hauiondoi chumvi. Sentensi hiyo ya maneno matatu ingefaa kubandikwa katika kila zahanati kutoka Port Victoria hadi Tororo mjini.

Halafu kuna magadi. Mrenda bila magadi, kwa wengi wetu, si mrenda. Kunde ngumu na maharagwe ya zamani huwekewa magadi yaive upesi, maana kuni ni ghali. Katika lugha yetu, magadi ni magadi na chumvi ni chumvi, vitu viwili vyenye majina mawili na vinavyonunuliwa mafungu mawili tofauti. Lakini kinachopandisha shinikizo la damu katika chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu. Mgonjwa anayeambiwa apunguze chumvi hana njia ya kujua kwamba magadi yamo ndani ya amri hiyo, kwa kuwa hayamo ndani ya neno hilo. Ndivyo ilivyo kwa vikolezo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi, na kwa samaki waliohifadhiwa kwa chumvi. Baadhi ya wazee bado hutumia maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Hayo yana zaidi potasiamu, lakini mwenye ugonjwa wa figo asijiamulie kuyatumia kabla ya kumuuliza mhudumu wake. Muuguzi aliyekulia hapa anayajua haya yote, kwani mama yake hupika vivyo hivyo. Isipokuwa chuoni alifundishwa kwa Kiingereza, na akiwa kazini huongea kama kitabu chake.

Kiasi nacho hutajwa kama fumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Lakini nani hapa hupikiwa sufuria yake peke yake? Afadhali hesabu ifanywe kwa pakiti. Nyumba ya watu wazima sita, kwa kipimo hicho, isingemaliza gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ingedumu zaidi ya siku 16. Kama pakiti hiyo huisha kila wiki, kila mmoja anakula karibu gramu 12, kabla hata ya kuhesabu magadi na mkate wa dukani. Wakiwamo watoto, pakiti ilipaswa kudumu zaidi, kwa kuwa kiasi chao ni kidogo kuliko cha mtu mzima. Hesabu hii haihitaji mizani, na mtu yeyote aliyewahi kutumwa dukani anaielewa.

Kuhusu pombe, ushauri wa vitabuni huhesabu glasi na chupa. Peleka hesabu hiyo kwa wazee wa Kiteso waliouzunguka mtungi wa ajono, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto yakiongezwa kila mtungi unapopungua. Nani atakuambia amekunywa glasi ngapi? Glasi haipo. Mhudumu mwenye busara angeuliza mambo mengine: unakaa mtungini mara ngapi kwa wiki, unafika saa ngapi, unaondoka saa ngapi? Kutoka hapo mtu anaweza kukubali kwenda siku mbili badala ya tano, na kuondoka jua likingali juu. Akiambiwa "acha" tu, amri humtenga na rika lake, na rika kwa mzee wa miaka 60 ni kitu kikubwa kuliko dawa. Akitoka kliniki atarudi mtungini, na safari ijayo atamdanganya muuguzi.

Mazoezi yana kichekesho chake. Huku ndiko bodaboda ilikozaliwa: miaka ya 1960, vijana wa baiskeli hapa mpakani walikuwa wakiwavusha abiria kati ya kituo kimoja na kingine wakipaza sauti kwa Kiingereza, kutoka mpaka hadi mpaka, na jina likabaki. Leo pikipiki hufika hadi mlangoni, na mtu hupanda kwenda mahali ambapo baba yake alikwenda kwa miguu akipiga soga. Neno mazoezi huleta akilini picha ya kijana aliyevaa kaptura akikimbia barabarani alfajiri. Bibi wa miaka 65 huona aibu, na mkulima aliyelima tangu saa kumi na mbili huona anatukanwa. Basi lisitumike. Mkulima asifiwe kwa jembe lake, kwa maana hilo tayari ni zoezi, na aulizwe kuhusu mengine. Mwenye duka anayeketi kutwa aambiwe ashuke kwenye pikipiki kabla ya kufika na atembee dakika 30 kwa mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki.

Lakini neno linaloniogopesha kuliko yote ni dozi. Malaria imetufundisha kwamba dawa ina mwanzo na mwisho: unameza siku tatu, unamaliza dozi, unapona. Mgonjwa wa shinikizo la damu humeza vidonge vya mwezi mmoja, hujisikia vizuri, hupimwa na kukuta namba zimeshuka, kisha huhitimisha kwamba amepona. Namba zimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha kudhibiti, lakini ni cha ofisini. Ningependa wauguzi watumie kufuga. Mbwa mkali aliyefungwa mnyororo hajafa. Ukiufungua mnyororo kwa kuwa siku hizi habweki, utakuwa umemfungulia. Asiache dawa wala kuipunguza bila kuonana na mhudumu, hata akiwa amebadilisha chakula chote.

Najua jibu litakalokuja. Utasema: mwalimu, unahangaika na misamiati huku dawa zikikosekana kituoni na matunda yakiuzwa bei ya nyama. Ni kweli, na wanaoidai serikali ya kaunti au ya wilaya dawa za kutosha waendelee kuidai. Lakini dawa ikipatikana halafu ikamezwa wakati wa maumivu ya kichwa tu, imepotea. Mboga za kienyeji kwa bahati njema bado ni rahisi huku kwetu. Mchicha, kunde na mrenda hustawi nyuma ya nyumba, na kuweka limau au karanga kidogo badala ya magadi ni jambo linalowezekana.

Tena hili si suala la hisani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Nchini Uganda, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Nafurahi, ingawa sitajidai kwamba Kiswahili sanifu kitamsaidia bibi wa kijijini Tororo anayezungumza Kijopadhola pekee. Kwake, Kijopadhola ndicho chenye haki. Kazi yetu walimu ni kukaa na wauguzi mchana mmoja na kuuliza, neno kwa neno: kitu hiki jikoni kwake kinaitwaje?

Watu wa kuifikisha kazi hiyo milangoni wapo. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mwezi Septemba 2023, wakiwa na mikoba yenye vipima shinikizo. Uganda ina timu zake za afya za vijiji. Hao huketi na watu jikoni. Wakishaeleza, wasiulize "umeelewa?", kwa sababu jibu ni ndiyo daima. Waulize: "Kukhu, jioni binti yako akianza kupika, utamwambiaje?" Kama Kukhu atataja kikopo cha mezani tu na asiyataje magadi, mhudumu ataanza upya papo hapo, tena binti mwenyewe akiwa anasikia, kwa sababu yeye ndiye anayeshika kijiko.

Nawe mwalimu mwenzangu uliye Busia, Malaba au Tororo, insha yako ijayo ya maelezo iwe hii: mwanafunzi amweleze mzee mmoja wa nyumbani kwao, kwa lugha ya nyumbani, maana ya namba mbili zilizoandikwa kwenye daftari la kliniki, ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapotulia, na 140 kwa 90 au zaidi, ikirudi siku tofauti, si ya kupuuzwa. Kisha aandike kwenye pakiti ya chumvi tarehe iliyofunguliwa, na ikiisha aje nayo darasani.