Wasii Si Mwenye Mali

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya mtu aliyekabidhiwa yatima pamoja na mali yake. Kuna mlezi, mdhamini, msimamizi na wasii. Aghalabu tunayatumia kana kwamba ni mamoja, na katika kuyachanganya huko haki ya mtoto hupotea.

Mlezi ni neno la upole. Latokana na kulea, nalo hutukumbusha uji, sare na karo. Ndilo lililozoeleka katika fomu za shule: "Mzazi au Mlezi". Mdhamini ana maana nyingi mno: ndiye amtoaye mshtakiwa rumande, na ndiyo kampuni inayofadhili timu ya kandanda. Msimamizi naye husimamia mirathi, mtihani, hata ujenzi.

Wasii ni neno lenye mipaka. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno wosia. Wasii basi ni mtu aliyeusiwa. Hana mamlaka ila yale aliyoachiwa. Wenzetu wa Tanzania wamelihifadhi katika cheo cha serikali, Kabidhi Wasii Mkuu, afisa ambaye miongoni mwa kazi zake ni kusimamia mirathi.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yaafikiana na maana hiyo. Msimamizi wa mirathi hutakiwa, katika muda wa miezi 6 tangu kupewa hati, kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, pamoja na hesabu zake. Tena ardhi haiuzwi kabla mahakama haijaithibitisha hati hiyo.

Lakini ami anayejulikana kijijini kama mlezi tu, ni nani atakayethubutu kumdai hesabu? Jamii humshukuru kwa wema wake, na siku shamba linapouzwa hunyamaza. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Sisemi kwamba kila ami ni fisi aliyekabidhiwa bucha. Wako wengi waliojinyima ili watoto wa ndugu zao wasome. Hata hao, hesabu iliyo wazi huwakinga na fitina.

Walimu wanapofunza msamiati huu, na waitenge maana ya kila neno. Mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ilhali babake aliacha shamba, anastahili kujua kwamba kuuliza mali ilipo si utovu wa adabu. Ni haki yake.