Kabla ya kupandisha tangi, yaulize maji

Na Mwanakombo Juma

Shangazi yangu wa Msambweni havui pete yake ya fedha, aliyovishwa na marehemu mumewe. Juzi alikuja kukaa kwetu Diani siku nne. Siku ya tatu akaninyooshea mkono: pete imekuwa nyeusi kama tako la sufuria ya kuni. "Mwanangu, maji yenu yana nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba tangu tulipofungiwa hita ya sola miezi miwili nyuma, ukifungua bomba la moto bafu zima hunuka yai viza.

Fundi aliyeifunga nilimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia, "Mama, maji ya huku ndivyo yalivyo." Mara ya pili akaja na spana, tayari kung'oa fimbo iliyomo ndani ya tangi na kuziba tundu lake. Nilimzuia, na ndiyo sababu naandika leo, maana nimeshaona nyumba zilizong'olewa fimbo hiyo wenyewe wakidhani wametibiwa.

Fimbo hiyo ni ya magnesi. Imewekwa iliwe yenyewe, kutu isiliguse tangi. Ukiiondoa, harufu yaweza kwisha kweli, lakini chuma cha tangi kinabaki bila kinga, na kwa maji yetu ya chumvi usishangae likianza kuvuja mapema.

Kinachonuka ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na ndiyo iliyoigeuza rangi pete ya shangazi. Visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na tukivuta maji kupita kiasi bahari hujipenyeza humo. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 2.7 za salfeti, kwa hiyo hata bahari kidogo ikiingia kisimani inatosha. Wapo bakteria wasiotaka hewa ambao huichukua salfeti hiyo na kuigeuza gesi. Magnesi inapoliwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni kwao ni chakula. Masika ndiyo msimu wao: mawingu yakitanda siku tatu, maji ya tangini hubaki vuguvugu, hayafiki nyuzi 60 za kuwaua. Au wageni wameondoka, chumba kimefungwa wiki mbili, maji yametulia tu juu ya paa.

Nusa kabla ya kumwita mtu. Jaza glasi moja kwenye bomba la baridi na nyingine kwenye la moto, utoke nazo nje, maana pua ikikaa ndani ya harufu hii huizoea na kukudanganya. Ikinuka ya moto peke yake, shida iko kwenye tangi. Zikinuka zote mbili, shida iko kisimani, na hapo usifanye mchezo. Nyumba nyingi za Diani na Ukunda humwaga maji taka kwenye mashimo, na matumbawe yana matundu kama sponji. Maji hayo yapelekwe maabara.

Kinachoniuma ni kwamba Kwale iliwahi kuwa mahali pa kuyauliza maji kwanza. Mwaka 1983 ulianza hapa pwani ya kusini mradi wa kujaribu pampu za mkono, na katika majaribio ya miaka ile ilionekana wazi jinsi mabomba ya chuma yanavyoliwa na kutu yakizamishwa visimani. Ndani ya kazi hiyo ikazaliwa pampu ya Afridev, ambayo bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki, na iliyoundwa hivi kwamba wanakijiji, wakiwemo akina mama waliofunzwa, waifungue na kuitengeneza wenyewe. Wahandisi wale waliyasikiliza maji ya Kwale, ndipo wakachagua bomba. Leo mtu anauziwa tangi la bei ya ng'ombe, na muuzaji hamwulizi hata kama anatumia maji ya kisima au ya mfereji. Swali hilo halina gharama, na kila anayefunga hita kutoka Tiwi hadi Lungalunga ana wajibu wa kuliuliza.

Sisi tulimpata fundi mwingine, kijana wa Ukunda. Alikuja alfajiri, tangi likiwa limepoa, akazima umeme, akafunga maji yanayoingia, akafungua chini. Yaliyotoka mwanzo yalikuwa na chembe nyeusi kama masizi. Fimbo ilitoka imejaa mashimo, ina utelezi wa kijivu ulioganda vidoleni mwake. Akatia klorini, akajaza, akafungua kila bomba la moto mpaka klorini ikanukia, akaiacha saa tatu, akamwaga na kusuuza mara mbili. (Klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo; gesi yake inaua.) Kisha akafunga fimbo nyingine, ya alumini na zinki, ambayo bakteria hao hawaipendi kama magnesi.

Pete ameisugua shangazi mwenyewe kwa majivu na ndimu. Chupa ya maji ya kisima ilikwenda maabara Jumatatu; mpaka majibu yarudi, ya kunywa tunachemsha.