HERUFI NENE ZISITUFUMBE MACHO

Hivi karibuni nilikwenda Gongoni, kaskazini ya Malindi, kuhudhuria mchango wa madrasa. Nikakuta mikeka imekwisha kunjwa. Tangazo lilisema tarehe 6, mimi nilisoma 8. Mzee mmoja niliyemkuta barazani naye alikuwa ameingia shimo lilo hilo. Tulipolitazama tena lile bango tukamjua mkosaji: ni herufi. Lote lilipigwa chapa, toka Bismillahi hadi nambari ya simu, kwa herufi nene zenye vikucha.

Vikucha hivyo, vinavyotokeza kwenye ncha za kila herufi, si vigeni. Warumi walivichonga katika mawe. Viko hadi leo kwenye mnara wa Trajan mjini Roma, uliozinduliwa mwaka 113. Unene ndio uliokuja baadaye. Ulishika London mwanzoni mwa karne ya 19, wenye biashara walipotaka matangazo yao yaonekane toka ng'ambo ya barabara. Mwaka 1922 kiwanda kimoja cha Chicago kikatoa Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper, nene na mviringo kama mahamri yaliyoumuka.

Mimi sizilaumu herufi hizi. Jina la duka lazitaka, ili abiria wa matatu iendayo Garsen alisome kabla hajapita. Lakini zilifanywa kwa maneno machache. Unene wake huingia hata ndani, ukaziba matundu. Mdomo wa 6 ukijifunga, ni 8 hiyo! Na Kiswahili chetu kimejaa "a". Andika "maharagwe" kwa herufi ndogo za namna hii: kati ya herufi tisa, tano zina tundu la kuzibika. Neno lageuka madoa ya wino.

Watengenezaji wa kanga walilijua jambo hili zamani. Jina la kanga ni moja, limewekwa peke yake ndani ya kisanduku chake, halisukumani na maua ya mji wala ya pindo. Lilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na sasa kwa za Kirumi, mwanamke hulisoma kabla hajanunua.

Tazama pia lile kaburi la Gedi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Ni tarehe ile iliyowawezesha wataalamu kuujua umri wake. Aliyeichonga alijua kuwa tarehe ni amana.

Basi maoni yangu ni haya. Kichwa cha tangazo na kiwe kinene, kiite watu. Siku, saa na mahali viandikwe kwa herufi nyepesi, kubwa, zenye nafasi. Na kabla ya kupiga chapa, mpe bibi yako alisome bila miwani. Akikwama, rudi kwa mchapaji. Kizuri chajiuza, lakini mchango wa madrasa hauwezi kuchangwa na watu waliofika siku mbili baadaye.