KUNI ZA KAHAWA ILIYOKUFA ZISITOKE SHAMBANI

Leo tunasema juu ya kahawa, kwa maana wengi wetu feza ya masomo inatoka mu robusta ya wazazi.

Ugonjwa wa kukausha kahawa, wenye wataalamu wanauita trakeomikozi, si mupya. Ulionekana mwaka wa 1927 katika Afrika ya Kati. Kisha uliingia Kongo, na kule Yangambi watafuti walichagua miti yenye kushindana nao. Watu wakafikiri umekwisha. Kumbe, katika miaka ya 1970 ulirudia kule Isiro. Ukafika hata Beni, na mwaka wa 1993 ukaonekana Uganda.

Unatembea ginsi gani? Ni kuvu, jamaa ya uyoga, yenye kuingia mu kidonda cha mti na kuziba njia za maji. Majani yanakuwa manjano, yananyauka, yanaanguka. Ukichuna ganda, unaona ndani rangi ya bluu na nyeusi. Mti ukishikwa hauponi, dawa hakuna. Kuvu ile inakaa mu udongo na mu kuni. Panga yenye kukata mti mgonjwa inaipeleka ku mti mzima. Na mwenye kufunga mzigo wa kuni zile na kuzipeleka mbali, anapeleka ugonjwa pamoja nazo.

Wengine wanasema: "Mti ungali na matunda, tuuache kwanza." Tunawaelewa, kungoa mti ni sawa kungoa feza. Lakini mti ule utakauka tu, na ukisimama unaua jirani yake. Heri kupoteza mmoja leo kuliko safu nzima kesho.

Wengine wanangojea mbegu mpya. Ni kweli, kule Kituza, Uganda, watafuti walichagua robusta yenye kushindana na ugonjwa huu. Lakini mbegu njema haiondoshi kazi ya mikono.

Basi tunaomba mambo tatu. Kwanza, jiko la masomo lisipokee kuni za kahawa. Pili, wakati wa likizo kila mmoja aongee na wazazi: mti mgonjwa ungolewe na uchomwe palepale, panga ipitishwe mu moto, na fasi ile isipandwe kahawa mbele ya miezi sita kupita. Tatu, mwalimu wa biolojia atupeleke shambani kuona dalili. Asilete tawi hapa.

Kahawa inatusomesha. Inafaa na sisi tuilinde.

Sisi wa mwaka wa tano, Biolojia-Kemia