Lambo la Bariadi na bahari ya Europa

Wadau, mwaka jana TP yangu ilikuwa Bariadi. Nikapewa Jiografia, mada ya maji kujaa na kupwa. Madesa yangu yalikuwa safi kabisa: Mwezi unavuta, bahari inajaa. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni kama lambo letu likifika Agosti?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Hakuuliza tena swali hadi naondoka.

Ni kweli alikosea. Lambo hukaushwa na jua na ng'ombe. Bahari hupwa na kujaa kwa mvuto. Lakini alianzia kwenye anachokijua, jambo ambalo sisi wa ualimu tunalijibia mitihani kila mwaka. Aliyefeli pale ni mimi, tena mimi mwenyewe bahari sijawahi kuiona.

Wapo wanaosema mtoto wa bara akariri tu mada hii. Pwani ni mbali, na hata Ziwa Victoria pale Busega hulioni likipwa kwa macho. Sikubaliani nao.

Angalieni Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ambao Galileo aliuona mwaka 1610. Umefunikwa na barafu. Huizunguka Mshtarii kwa siku tatu na nusu hivi, mara ukiikaribia, mara ukiiacha kidogo. Mvuto hukaza na kulegea, mwezi mzima ukaminywa na kuachiwa. Msuguano huo huzaa joto, na wanasayansi wengi wanaamini ndilo linalozuia maji ya chini yasigande. Kama bahari hiyo ipo, wanakadiria barafu ya juu hupanda na kushuka kiasi cha mita 30. Dar es Salaam, hata siku za bamvua, haifiki mita 5.

Hakuna binadamu aliyefika huko. Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika 2030. Sasa wamejuaje? Wamepima, wamekokotoa, wakalinganisha na wanachokijua hapa duniani. Binti yule alikuwa ameanza njia hiyohiyo.

Ningerudi leo, ningemwambia: "Haya, tuanze na lambo lako. Usiku jua halipo, ng'ombe wamelala, lakini kule baharini maji yanapungua na kurudi, mara mbili kila siku. Nani anayavuta?"

Mnaokwenda TP mwaka huu, swali kama lile litakuja. Msicheke.