Anayemeza Vidonge Naye Amepona

Kuna swali ambalo mtu aliyewahi kuugua akili huulizwa mpaka anazeeka: "Hivi bado unakunywa zile dawa?" Ukijibu ndiyo, muulizaji hushusha sauti na kukupa pole. Ukijibu hapana, anakupongeza, hata kama wiki nzima hujalala na unabishana na redio iliyozimwa. Kwa wengi wetu, kupona ugonjwa wa akili ni kuachana na vidonge. Kabla ya hapo wewe ni kichaa uliyetulizwa tu.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaumiza watu. Nayasema haya nikiwa mtu ninayemeza kidonge kila saa tatu usiku, na ninayejihesabu mzima.

Ajabu ni kwamba somo hili tumelifaulu kwingine. Tanzania ilianza kugawa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo mwaka 2004. Tulipata kuteleza mwaka 2011, umati ulipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, na wapo waliorudi wakaziacha dawa zao. Lakini kwa jumla tumeelewa. Leo fundi aliyezitumia dawa hizo miaka na miaka anajenga nyumba, anaoa, anazaa watoto wasio na virusi, na tunamhimiza asikose hata dozi moja. Jirani yake mwenye skizofrenia akiwa na nidhamu ileile, tunamsikitikia: maskini, mpaka leo anaishi kwa vidonge.

Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65 ya wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa wametulia. Ndani ya mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, uliwarudia asilimia 64. Sasa fikiria maana yake mtaani kwetu. Mtu anatulia kwa dawa. Watu wanamwambia athibitishe kwamba amepona, basi aziache. Anaziacha, anaanguka, na walewale waliomshauri wanatikisa vichwa: si tulisema, kichaa hakiponi? Imani inajitengenezea ushahidi wake yenyewe, na gharama inalipwa na mgonjwa.

Na usidhani ni suala la watu wasiosoma. Elyn Saks ni profesa wa sheria kule California na anaishi na skizofrenia. Katika kitabu chake cha mwaka 2007 ameeleza jinsi alivyojaribu mara nyingi kupunguza au kuacha dawa, akiamini kwamba kadiri anavyokunywa kidogo ndivyo kasoro yake inavyopungua. Kila mara alianguka. Maisha yake yalinyooka alipokubali kuzitumia bila kujiona duni.

Hapa kwetu imani hii ina jukwaa na vipaza sauti. Binti anasimamishwa mbele ya mkutano wa injili, anaambiwa atupe vidonge iwe ishara ya imani. Vigelegele vinapigwa, ushuhuda unarekodiwa. Miezi michache baadaye hakuna anayerudi na kamera. Sina ugomvi na maombi, nami nasali. Wala sina ugomvi na anayesomewa dua au kunywa kombe. Ugomvi wangu ni na kiongozi wa dini anayemeza dawa yake ya presha asubuhi, kisha jioni anamwambia mwenzake kwamba kidonge ni upungufu wa imani.

Katika kupona kwangu, vidonge vilikuwa sehemu nyepesi. Kazi ilikuwa kupata ruhusa ya kukasirika. Mdogo wangu alichukua hela zangu bila kuniuliza, nikapaza sauti kama ambavyo kaka yeyote angepaza. Mama akamtazama dada. Dada akaingia chumbani kwangu kuhesabu vidonge. "Kaka, leo umekunywa dawa?" Swali hilo linafunga kila mjadala, na mwizi anaondoka na hela. Nikicheka sana, macho yanakutana juu ya kichwa changu. Nikinyamaza, macho yanakutana. Nilinunua shati la bei kidogo, mjomba akapigiwa simu mkoani. Ndugu zangu wazima wanakopa simu wasizoweza kuzilipa, na mpaka leo sijaona aliyeitishiwa kikao.

Ukoo ulipokaa kugawa shamba la babu, sikuitwa. Walisema hawakutaka kunichosha.

Wanaonipenda hawafanyi haya kwa ubaya. Waliniona nikiwa hoi, na hofu yao ina msingi. Lakini hofu isiyo na tarehe ya kwisha inageuka kuwa kifungo, na ufunguo wake wameufunga kwenye kopo la vidonge: maadamu lina kitu ndani, mimi bado. Hata utani wetu unasema hivyohivyo. Watanzania tuna mzaha wa kila aina kuhusu kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Wakenya wana wao wa Mathari, Wazanzibari wa Kidongo Chekundu. Sijapata kusikia hata mmoja kuhusu mtu aliyetoka huko akarudi kazini, ingawa watu hao wamejaa kwenye daladala tunazopanda.

Nikubali jambo moja. Dawa hizi si pipi. Zinanenepesha, zinatetemesha mikono, zinakausha mdomo, na asubuhi nyingine zinakung'ang'aniza kitandani. Siku kliniki inapoishiwa, unaelekezwa duka la dawa na mfuko hauna kitu. Wapo pia wanaoziacha vizuri tu: mwenye sonona aliyetulia kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, mara nyingi daktari humpunguzia taratibu hadi kuacha. Yote hayo ni mahesabu ya tiba kati ya mtu na daktari wake. Mama mkwe hayamhusu, mwajiri hayamhusu, na hayatoi cheti cha nani mzima.

Katiba yetu, Ibara ya 5, inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia raia kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Ibara hiyo haitaji ugonjwa upi, haitaji uzito wake, na aliyepata nafuu haimzungumzii kabisa. Tukiisoma kwa kipimo cha mtaani, mimi mwenye kidonge cha saa tatu usiku ningenyimwa kadi, na yule aliyevitupa vyake mkutanoni angepewa. Mimi nimejiandikisha, na nimepiga kura. Kikao kijacho cha shamba nitakwenda bila kuitwa, na nikikuta mipaka imesogezwa nitapaza sauti. Anayetaka kuhesabu vidonge vyangu na avihesabu, mradi kwanza tumalize habari ya shamba.